Pua ya Injini ya Dédé

Ndugu wa marehemu Dédé walibeba friji. Wakabeba televisheni, wakabeba godoro kubwa na viti vya plastiki, wakabeba hata pasi ya mkaa ambayo mpini wake ulikuwa umefungwa kwa waya. Waliingia nyumbani kwa mjane, pale Kasungami, pembeni ya Lubumbashi, siku chache tu baada ya mazishi, wamenyamaza kwa adabu kama watu waliokuja kusali rozari, na wakatoka na nyumba mgongoni. Lakini walipofika uani kwenye gari, walicheka.

Lilikuwa Starlet, kigari kifupi chenye mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu, wekundu wake umepauka kwa jua. Boneti ilikuwa imeegemezwa ukutani. Ndani ilikaa injini iliyoonekana kubwa kuliko gari lenyewe, nyaya zinaning'inia, na ubavuni mwake matundu manne yamezibwa kwa matambara. Mzee Kalaba, baba mdogo wa marehemu na mkuu wa ukoo, alichomoa tambara moja kwa ncha ya fimbo, akachungulia tunduni, akalirudisha.

"Motoka inakula manguo," alisema. "Hii ni carcasse tu, mifupa ya motoka. Tumuachie mujane, batoto bacheze ndani."

Watu wote wa kilio walisikia. Rigobert naye alisikia, na ingawa macho yake yalikuwa bado yamevimba kwa kumlilia rafiki yake, moyo wake uliruka. Mzee wa ukoo alikuwa ametamka mbele ya watu. Friji iende, televisheni iende, mradi gari limebaki kwa Constance, yule mjane. Hivyo ndivyo alivyowaza, na tusimcheke mapema, maana hata wewe ungewaza hivyo.

Rigobert alikuwa fundi wa magari na mchomeleaji, na alikuwa pamoja na Dédé tangu walipokuwa wakiimba kwaya moja parokiani. Alijua gari lile lilikuwa la nini. Dédé na mkewe Constance walilima mboga: lengalenga, kabichi, sombe kidogo. Kiti cha nyuma kikilazwa, magunia yaliingia vizuri, na alfajiri mboga zilikuwa sokoni mjini kabla hazijanyauka. Shida ilikuwa masika. Ile injini ya zamani ilikuwa dhaifu. Ikifika kwenye mpando wa matope karibu na nyumba, inakohoa na kuzimika, na Dédé anashuka kusukuma huku Constance ameshika usukani, wote wawili wakifika sokoni na matope mpaka kwenye nyusi.

Kwa hiyo Dédé alipoona injini yenye nguvu kwenye gari lililopata ajali njia ya Luano, aliinunua. Yeye na Rigobert waliitoa ile ya zamani, wakaiingiza mpya, wakatengeneza vishikizo, na kwa neema ya Mungu ikakaa. Kitu kimoja tu kilikataa: kile mafundi wa Lubumbashi wanachokiita admission, bomba la alumini lenye mikono minne, kila mkono ukipeleka hewa kwenye silinda yake. Ni pua ya injini. Bila hiyo injini haipumui. Ile iliyokuja na injini ilikuwa ndefu mno. Iligonga ukuta wa gari, ikasukumana na bomba la breki, boneti ikakataa kufunga. Ilibidi ichongwe nyingine, fupi, iliyopinda kwa ubavu. Wakapima kwa makaratasi ya boksi la sabuni, wakachora, wakabishana. Kisha Dédé akashikwa na homa iliyogeuka kuwa kitu kingine. Hospitalini, siku ya mwisho ambayo ulimi wake ulikuwa bado unamtii, hakusema maneno makubwa.

"Rigo," alisema, "ile admission usiiwache."

Basi Rigobert akaanza kazi. Alianzia kwa Osée, jirani yake, anayeyeyusha alumini na kumimina sufuria. Nusu ya bukari ya Kasungami, yaani ugali, inapikwa kwenye sufuria za Osée. Rigobert alimchongea kielelezo cha mti, Osée akakikandamiza kwenye mchanga, akayeyusha pistoni chakavu na sufuria zilizopasuka, akamimina. Ilipotoka mchangani ilikuwa nzuri mno. Rigobert aliisugua, akaikumbatia, akaionyesha wapita njia. Halafu akaziba mikono yote, akaipaka maji ya sabuni, akapuliza hewa ndani kwa pampu.

Ikapiga mluzi. Mluzi mwembamba, wa dharau. Povu likatokea juu, chini, kwenye kila kiungo, maana alumini ile ilikuwa na vitundu vidogo ambavyo jicho halivioni. Injini inayovuta hewa ya wizi namna hiyo haitulii; inapanda, inashuka, inazimika, kama ile ya zamani.

"Mi natengeneza sufuria," Osée alisema bila haya. "Sufuria yangu inashika mayi. Mupepe, sikukuahidia."

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, wanasema wahenga, lakini wahenga hawakusema mhunzi ajisikieje siku ile. Rigobert alikaa juu ya tairi, bomba lake la mluzi mapajani, akahisi mikono yake haina maana. Asingeweza kumrudisha Dédé. Asingeweza kumrudishia Constance hata pasi. Alichoweza kilikuwa hiki kimoja, nacho kilikuwa kinampigia mluzi.

Akaamua kuichomelea. Akatafuta mabomba ya alumini, akayakata na kuyapinda, akachonga bapa nene la kushikia ubavuni mwa injini. Mashine ya kuchomelea alumini hakuwa nayo. Aliiomba kwenye karakana ya mtu mwingine, njia ya Luano, na akapewa asubuhi moja kwa shingo upande. Akalifunga bapa kwa bolti kwenye kichwa cha injini nzee, lisijikunje kwa moto. Mkono wa kwanza ukashika. Wa pili ukashika. Katikati ya wa tatu, umeme ukakatika.

Mwenye kuishi Lubumbashi anakijua kimya kile. Feni inasimama, redio inasimama, na watu wote barabarani wanasema "Eh!" kwa pamoja. Rigobert alingoja. Jua likapanda. Umeme ulirudi kwa muda mfupi tu, akawahi kumaliza mkono wa tatu na wa nne bila hata kumeza mate, ukakatika tena. Mwenye karakana akaanza kuzungukazunguka, ana gari la mteja, anataka meza yake. Kwa aibu ya kumsumbua mtu, Rigobert alifungua bolti kabla alumini haijapoa. Fundi hafanyi hivyo. Alijua, akafanya. Bapa likajipinda polepole mbele ya macho yake, na hapakuwa na la kufanya ila kulitazama.

Alilia. Mtu mzima, mikono imejaa masizi, alisimama nyuma ya karakana ya watu akalia.

Baadaye akapata kipande cha kioo cha dirisha, akabandika msasa juu yake, akaanza kulisugua lile bapa. Alilisugua asubuhi kabla ya kazi za wateja, akalisugua jioni mwanga ukiwepo. Akiweka rula juu yake, mwanga unapenya chini. Anasugua tena. Wateja wakanung'unika, mkewe akanung'unika, naye anasugua. Hatimaye akaweka rula na mwanga haukupenya popote. Akaziba mikono, akapaka sabuni, akapuliza. Hakuna povu. Hakuna mluzi. Kimya kizuri kuliko wimbo wowote wa kwaya.

Aliivingirisha kwenye gunia safi, akaipeleka kwa Constance.

Constance alikuwa amekaa mkekani, kitambaa cheusi kichwani, na pembeni yake alikuwa Brigitte, dada mkubwa wa marehemu. Brigitte hakuwa amerudi Likasi na wenzake. Ukoo wao ulitoka Kabalo zamani ukifuata reli, ukatulia Likasi, na ukoo ulimwacha yeye hapo, eti amfariji mjane. Alimfariji kweli. Alimfariji akienda chooni, alimfariji akienda shambani, na macho yake yalihesabu kila kijiko. Constance aliinuka akasema anakwenda kuteka maji, na alipompita Rigobert kwenye pipa alimwambia kwa sauti ya chini, bila kumtazama, akimwita yaya kama aitwavyo kaka mkubwa.

"Yaya Rigo, iko tayari?"

"Iko tayari, mama Sephora. Leo namuamsha."

"Hapana. Ifunge, lakini usiwashe. Ungoje bale bantu bamalize kilio, barudie kwabo Likasi bote. Nakulomba."

"Lakini muzee alisema mbele ya bantu..."

"Yaya Rigo. Nakulomba."

Akaahidi. Jumapili, Brigitte alipokwenda misa, aliifunga ile admission, akaunganisha nyaya na mabomba, akaleta betri yake mwenyewe, akamimina petroli. Boneti ikafunga. Ikafunga kabisa, kwa mlio mmoja mdogo. Akasimama na ufunguo mkononi, hajui kama gari litawaka au halitawaka, na akaondoka bila kujua. Fundi peke yake ndiye atakayeelewa mateso hayo. Mwanamke aliyebeba mimba akaambiwa asizae kwanza labda naye ataelewa. Yale matambara manne aliyatia mfukoni.

Siku ya kumaliza kilio ikafika, levée de deuil, na ukoo wote wa Likasi ukashuka. Katekista alisali. Wanawake walisonga bukari kwenye sufuria kubwa ya Osée, pakawa na samaki, pakawa na bia, na kitambaa cheusi kikatolewa kichwani pa Constance. Rigobert alikaa karibu na gari, ndiyo sehemu aliyojiona ana haki ya kukaa. Mambo yalikuwa yanakwisha salama. Gari la kukodi la kuwarudisha Likasi lilikuwa limekwisha kupigiwa simu. Kama Mzee Kalaba angenyamaza, kama bia ingekuwa imekwisha mapema kidogo, leo tungekuwa na hadithi nyingine.

Mzee Kalaba alisimama kuaga. Alishukuru Mungu, akashukuru majirani, kisha fimbo yake ikaelekea kwenye Starlet.

"Dédé alikuwa mutoto ya akili," alisema. "Lakini ile carcasse ilimukula akili. Muntu anaacha kulima, anaacha bibi na batoto, anashinda kupima bomba na karatasi ya sabuni! Mungu amuhurumie. Alikufwa kama mupumbafu."

Watu walicheka kidogo, kicheko cha wanaokunywa bia ya mwenzao. Sephora, binti mkubwa wa Dédé, hakucheka. Alikuwa ameinamisha kichwa akivuta uzi wa gauni lake.

Rigobert alisimama. Kule mkekani Constance alimwona akisimama, akatikisa kichwa, mara moja, polepole. Rigobert aliona. Hilo lazima lisemwe: aliona vizuri kabisa. Lakini damu ilikuwa imekwisha kupanda, na mkono ulikuwa umekwisha kufungua mlango.

"Papa Kalaba," alisema, "usikie mupumbafu yako."

Akazungusha ufunguo. Injini ikakoroma, ikanyamaza. Watu wakaanza kucheka tena. Akazungusha mara ya pili, na ikashika.

Ikashika! Ikapumua kwa pua yake mpya, ikatulia, ikanguruma sawasawa, haipandi, haishuki, mlio mnene wa kitu chenye afya. Wanawake walipiga vigelegele bila kuambiwa. Osée alirukaruka akipiga kelele kwamba naye alishiriki, ni yeye aliyeikosea mara ya kwanza. Sephora aliinua kichwa. Rigobert alikaa nyuma ya usukani machozi yakimtiririka, akasema kwa sauti, "Dédé, unasikia? Dédé, unasikia?" Na kwa kitambo kifupi alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Kasungami.

Kisha Mzee Kalaba akaweka glasi yake chini.

Alilijia gari taratibu. Alikuwa mtu wa reli, maisha yake yote alisikiliza vichwa vya treni, na sasa aliinamisha sikio lake zuri juu ya boneti.

"Zima," alisema. Rigobert akazima. "Washa tena." Akawasha. Mzee akaitika kwa kichwa, akampapasa Starlet begani kama mtu anayemkagua mbuzi. "Inalia muzuri. Inaweza kufika Likasi?"

Hapo ndipo Rigobert alipoelewa kwa nini Constance alimwomba asiwashe.

"Motoka ya mutoto yetu," Mzee Kalaba aliwaambia watu, sasa kwa sauti ya mkuu wa ukoo, "itarudia ku bukoo."

"Papa Kalaba, hapana!" Rigobert alitoka garini. "Mulisema mbele ya kilio. Bantu bote balisikia. Mulisema: tumuachie mujane."

"Njo vile. Tulimuachia carcasse." Mzee hakukasirika; alikuwa mpole, na upole wake ndio uliotisha. "Carcasse iko wapi? Unionyeshe carcasse, namuachia sasa hivi."

Rigobert aligeuka kuwatazama watu. Waliosikia wakati ule walikuwepo: majirani, wanakwaya, katekista. Wengine walitazama bia zao. Wengine, Mungu awasamehe, walitikisa kichwa kwamba mzee ana neno. Sheria ipo, na kila mtu ameisikia redioni ikisema haki ya mjane na watoto wake. Lakini redio haikualikwa kwenye kilio kile.

"Basi, admission ni yangu," Rigobert alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto anayenyang'anywa. "Nilitengeneza na mikono yangu. Naitoa, motoka inarudia carcasse." Akainama kutafuta spana.

Ni Brigitte aliyejibu. Hakunyanyuka, hakupaza sauti. Alikuwa amemvuta Sephora karibu, mkono wake umekaa begani pa mtoto kwa upendo kabisa.

"Toa," alisema. "Lakini ukitoa, tutaenda na batoto. Sephora na mudogo yake, nabo ni ba bukoo. Shi ni vile, papa?"

"Ni vile," akasema Mzee Kalaba.

Constance aliinuka mkekani. Alitembea mpaka kwa Rigobert, akamshika mkono wenye spana, akauteremsha. Kisha akanyoosha kiganja kuomba ufunguo. Rigobert hakuutoa, ilibidi auchomoe vidoleni mwake, kidole kimoja kimoja.

"Wacha, yaya Rigo," alisema. "Wacha."

Hakumtukana. Angemtukana ingekuwa nafuu. Alimpelekea Mzee Kalaba ufunguo kwa mikono miwili, ameinama kidogo, kama desturi inavyotaka, kisha akaenda kumchukua Sephora kutoka begani pa Brigitte. Brigitte akamwachia.

Mpwa mmoja aliyejua kuendesha alikaa kwenye usukani. Walilaza kiti cha nyuma, pale pa magunia ya mboga, wakapakia sufuria, gunia la unga, na boksi la bia lililobaki. Mzee Kalaba alikaa mbele, fimbo katikati ya magoti. Mvua ilikuwa imenyesha mchana na ule mpando ulikuwa matope matupu.

Rigobert alisimama getini. Ng'ombe wa maskini hazai, na huyu alikuwa amezaa mbele ya wezi. Alisikiliza gari likikaribia mpando, na kwa mara ya kwanza maishani fundi yule aliiombea kazi yake ivunjike. Bikira Maria, mkono mmoja upasuke. Ufa mdogo tu. Bapa lijipinde kidogo, hewa ya wizi iingie, wazimike pale pale kwenye matope washuke kwa hasira na kusema carcasse ni carcasse. Alinyoosha sikio kuutafuta ule mluzi. Aliuita moyoni kama anavyoitwa mtu.

Injini ilishusha pumzi, ikavuta. Haikupiga mluzi. Ilipanda ule mpando na watu wake na mizigo yake yote, sawasawa, bila kukohoa, mahali ambapo Dédé alikuwa akishuka kusukuma.

Nyuma yake Constance alikuwa anaokota sahani. Hakuwa ametazama barabarani hata mara moja.

"Inapanda?" aliuliza.

Mkono wa Rigobert ulikuwa mfukoni, umeyakamata yale matambara manne. Alitaka kumwomba msamaha, na hakupata pa kuanzia.

"Inapanda," alisema.

"Dédé alisema itapanda," Constance akasema, akaweka sahani ndani ya beseni, akaanza kuziosha.